Yule Mtu wa Simu

Katika banda la video nililokulia, pale Kirumba, Mwanza, mkalimani wetu alikuwa na desturi yake: watu wa simu wakitokea, yeye anapumzika. Filamu ni ya Kimarekani, jengo linawaka au mlima unatema moto, na kila baada ya muda tunaletewa chumba chenye meza ndefu na mtu kavaa spika za masikioni, anauliza maswali huku anaandika. Hapo mkalimani anakunywa maji, anamkemea aliyepenya bila kulipa, anatangaza mkanda wa kesho. "Hao wanaitana tu," anasema, "ngojeni steringi afike." Hakuna aliyelalamika. Tulilipa kumwona steringi, na steringi hakai kitini.

Filamu zenyewe ndizo zilizotuzoesha hivyo. The Towering Inferno ya 1974, ambayo sisi tuliiona miaka mingi baadaye mkanda ukiwa umechakaa hadi nyuso zina michirizi, ina jengo la ghorofa 138 huko San Francisco na Steve McQueen akiwa mkuu wa zimamoto. Anafika, anauliza moto uko wapi na watu wako wapi, anapanda. Huyo aliyepokea simu ya kwanza na kuyatuma magari, hata jina lake hatukulijua.

Ila filamu iliyonigeuza ni The Poseidon Adventure ya 1972, wala si kwa uzuri wake. Meli ya abiria inapigwa na wimbi kubwa usiku wa mwaka mpya, inapinduka chini juu, na kikundi kidogo kinachoongozwa na mchungaji, Gene Hackman, kinapanda kuelekea tumbo la meli, ambalo sasa ndilo paa. Mwishoni wanagonga chuma, walio nje wanasikia, cheche zinatoka, shimo linakatwa, watu sita wanatolewa na kupandishwa helikopta. Kwingineko nadhani hapo watu hupiga makofi.

Mwanza ilikuwa bado na MV Bukoba kichwani. Tarehe 21 Mei 1996 meli ile ilipinduka ikiwa karibu kabisa kufika, na mamia ya watu wakafa. Ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani kulikuwa na waliokuwa wakigonga. Chuma kikatobolewa ili watolewe. Kumbe hewa iliyonaswa mle ndani ndiyo iliyokuwa imeishikilia meli. Ilipopata pa kutokea, maji yakapanda na meli ikaenda chini. Kila mtu mzima aliyekuwa bandani alilijua hilo. Cheche zilipotokea kwenye skrini, mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma alisema kwa sauti kavu, "Jamani, msitoboe." Hakuna aliyecheka.

Nilitoka pale na swali ambalo filamu haikuwa na habari nalo. Nani aliwaambia wale wa helikopta wakate hapo? Walimuuliza nani kwanza, na kuna fundi wa meli aliyeitwa hata kwa redio? Kwa filamu ile shimo ni furaha tu.

Tangu hapo mapumziko ya mkalimani yakaanza kuniudhi. Volcano ya 1997 ilipofika, nilijisogeza mbele ili nisikie Kiingereza changu cha shule kinanifikisha wapi. Tommy Lee Jones ni mkuu wa ofisi ya maafa ya Los Angeles, lakini muda mwingi yuko barabarani akikimbizana na lava. Anayebaki ofisini kushika simu ni msaidizi wake, Don Cheadle. Ukuta wa vizuizi vya zege unapopangwa barabarani kuizuia lava, na helikopta zinapomwaga maji kuigandisha, mimi nilimwangalia Cheadle. Vizuizi havijileti.

Kisha nikaipata Apollo 13, ya 1995, inayosimulia ajali halisi ya chombo cha anga, Aprili 1970. Wanaanga watatu wamehamia chombo kidogo na hewa yao wenyewe inaanza kuwadhuru. Vichujio walivyo navyo vya ziada ni vya mraba, matundu yaliyopo ni ya duara. Huko Houston, kwenye kituo kinachoongoza safari, mhandisi anamwaga sanduku la vitu mezani, mabomba, mifuko, karatasi ngumu, na kuwaambia wenzake: tengenezeni kwa hivi tu, kwa sababu ndivyo walivyonavyo kule juu. Baadaye maelekezo yanasomwa redioni hatua kwa hatua. Kwangu hakuna mlipuko wa sinema unaofikia meza ile.

Miaka ikapita na yule mtu wa simu akaanza kusogezwa mbele. Katika United 93, ya 2006, Ben Sliney anaigiza nafasi yake mwenyewe: ndiye aliyekuwa zamu kwenye kituo cha taifa cha usimamizi wa safari za anga cha Marekani asubuhi ya Septemba 11, siku yake ya kwanza katika cheo hicho, na ndiye aliyeamuru ndege zote zishushwe. Mwaka 2018 Wadenmaki wakaja na Den skyldige, filamu nzima ikiwa ni polisi mmoja anayepokea simu za dharura. Gari, mvua, mlango unaobamizwa, vyote unavisikia tu.

Niliitazama na mpwa wangu, ambaye alitaka kujua mbona huyu mtu hatoki. Yeye anaipenda zaidi The Call ya 2013, na nusu yake ya kwanza hata mimi naisifu. Msichana kafungiwa kwenye buti la gari, na Halle Berry kwa simu anamwelekeza avunje taa ya nyuma kwa teke, kisha amwage rangi nje kupitia tundu hilo ili magari mengine yashtuke. Hiyo ndiyo kazi. Halafu mwishoni Berry anaacha meza yake na kwenda kumtafuta adui peke yake, gizani.

"Huyu kaharibu," nikasema.

"Mjomba, sasa asipoenda yeye nani amwokoe?"

"Polisi. Si awapigie?"

"Kwani hao wangefika?"

Hapo tukaanza kubishana, na bado tunabishana.