Safari Hufunua

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Imepokewa kwamba mtu mmoja alimsifu mwenzake mbele ya Sayyidna Umar, Mwenyezi Mungu amridhie. Umar akamuuliza: je, ni jirani yake? Je, amepata kufanya naye shughuli ya fedha? Je, amesafiri naye? Mtu yule alipokana yote, Umar akamwambia kuwa basi hamjui. Habari hii tumeisomesha darasani kwa miaka mingi, kila mara tukidhani inawahusu watu wengine.

Sahibu yetu huyu tulikaa naye jamvi moja chuoni tangu utotoni. Ukubwani yeye akaenda Marekani, akawa dereva wa malori; sisi tukabaki na vitabu vyetu. Mwaka jana, mwezi wa Aprili, binti yake anayekaa Los Angeles alijaaliwa mtoto wa kiume, na babu mtu akatuita tukasome dua ya akika. Tulipofika kwake Columbus, jimbo la Ohio, tulitaraji kupanda ndege. Akatwambia, "Ndugu yangu, kwenye ndege utaona mawingu tu. Twende kwa gari, uione njia iliyonilisha."

Njia yenyewe ni zaidi ya kilomita 4,000, yaani Mombasa hadi Nairobi zaidi ya mara nane. Mkewe alitufungia mahamri, sambusa na chupa mbili za chai ya tangawizi, akatuusia tusigombane. Tuliucheka wasia ule. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwaelekeza wasafiri watatu wamteue mmoja wao kuwa amiri. Sisi tulikuwa wawili, lakini tulifuata adabu hiyo, tukampa yeye uamiri kwa kuwa usukani ulikuwa wake.

Baada ya mwendo wa saa mbili na zaidi, karibu na mji wa Toledo, tuliona kuba na minara miwili ikichomoza kando ya barabara kuu. Ni msikiti wa Perrysburg, uliofunguliwa mwaka 1983. Usiku tukafika Cedar Rapids, jimbo la Iowa, na asubuhi tukauzuru msikiti mdogo wa mbao, mweupe, wenye kuba la kijani. Ulijengwa mwaka 1934, wakati wa dhiki kubwa ya uchumi, na miongoni mwa majengo yaliyojengwa Marekani kwa nia ya kuwa misikiti, huu ndio mkongwe zaidi unaosimama hadi leo. Waliouanzisha walikuwa wahamiaji kutoka nchi za Shamu, wengi wao wachuuzi waliokwenda shamba hadi shamba na bidhaa mgongoni. Jamii ilipokua ikajenga msikiti mwingine mkubwa. Huu ukauzwa, ukatumiwa kwa mambo mengine, hata Waislamu wakaununua tena mwaka 1990 na kuukarabati. Tuliswali rakaa mbili humo, tukawaombea waja wale ambao kwao walikumbukwa, pengine, kama watu waliopotea.

Siku hiyo tulivuka Nebraska, tambarare isiyo na mwisho, mashamba ya mahindi yakisubiri kupandwa na mto Platte ukitufuata ubavuni. Sisi wa Mombasa tumezoea kibla cha kaskazini; huko tulielekea kaskazini mashariki. Kwenye kituo kimoja cha mafuta, mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza dukani alituona tunatafuta pa kuswalia. Akasogeza makasha, akafagia pembe moja, akatuachia. Mbele kidogo, karibu na North Platte, mwenzetu alisimamisha gari kwenye uwanja wa malori. Akashuka, akasimama kitambo penye uzio, akarudi bila ya kusema neno. Tukadhani ananyoosha miguu.

Siku ya tatu tulishuka kusini kutoka Denver, milima ya Rocky ikiwa upande wetu wa kulia. Adhuhuri iliingia, tukataka kusimama. Yeye akasema theluji inatabiriwa kwenye mlima wa Raton, mpakani mwa Colorado na New Mexico. Bora tuvuke kwanza, tuichelewesha Adhuhuri tuikusanye na Alasiri. Kifikihi alikuwa sahihi, na sisi ndio wa kwanza kulijua hilo. Lakini uchovu ulitushinda, tukamwambia, "Wewe umezoea kuyachelewesha ya dini."

Hakujibu. Tulikwenda zaidi ya kilomita mia tukisikia upepo tu. Kisha akauliza kwa upole, macho yakiwa barabarani: "Ndivyo ulivyosema siku ya maziko ya mama yangu?"

Wasomaji wetu, tulinyamaza kwa sababu ni kweli. Mamake alipofariki, Mola amrehemu, sisi ndio tuliomswalia. Mwanawe hakuja. Siku ya hitima, mbele ya watu, tulisema kuwa dunia imemsahaulisha mzazi wake. Neno lile lilivuka bahari likamfikia, naye akakaa nalo miaka ishirini bila ya kututajia.

Akatueleza. Wakati ule karatasi zake za ukaazi hazijakamilika; angetoka, asingeruhusiwa kurudi, na ujira wake ndio uliolipa hospitali ya mamake na karo za wadogo zake. Habari ya kifo ilimkuta akiwa na lori Nebraska. Aliegesha, akatandika koti lake penye uzio, akamswalia mamake swala ya ghaibu, peke yake, usiku, malori yakinguruma kandoni mwake. Ni pale pale tulipodhani ananyoosha miguu.

Theluji ilitukuta tumekwisha kuvuka. Usiku ule, Albuquerque, tulimwomba radhi. Akasema, "Nilikusamehe zamani. Nilitaka tu ujue."

Kesho yake tulipita Arizona kwa barabara ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia iliyofunguliwa mwaka 1857 kwa msafara wa ngamia 25 wa jeshi la Marekani. Miongoni mwa waliowachunga ngamia wale alikuwa Hadji Ali, ambaye Wamarekani, kwa kushindwa kulitamka jina lake, walimwita Hi Jolly. Alifariki mwaka 1902 katika kijiji cha Quartzsite, jangwani, na juu ya kaburi lake pamejengwa piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Tulisimama hapo siku ya tano. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake. Mwenzetu akatwambia kuwa naye amekwisha kununua pahala pa kaburi Ohio, na kwamba siku ikifika tumswalie ghaibu huku nyumbani. Tulimwahidi.

Jioni tukafika Los Angeles, tukasoma dua, mtoto akanyolewa.

Wanavyuoni wetu wamefundisha kwamba aliyemsengenya ndugu yake mbele ya watu, na yakamfikia, humwomba radhi, na humtaja kwa wema mbele ya wale wale. Waliotusikia siku ya hitima ile ni wengi, na baadhi yao husoma jarida hili. Kwa idhini yake, basi, tunasema: tulikosea. Mtoto wa marehemu hakumsahau mamake.

Enyi akina mama wenye watoto ng'ambo, nanyi ndugu mnaongojea fedha zao kila mwezi: akikosa kuja harusini au mazikoni, muulizeni kwanza kabla ya kumhukumu. Na mkiomba dua baada ya swala, mtajeni kwa jina lake.

Wabillahi tawfiq.