Chenga

Nilipokuwa mdogo, hapa Mpapura, kazi yangu ilikuwa kuzungusha antena. Baba anakaa ndani, mimi nashika mwanzi nje. "Geuza kwenye mikorosho! Rudi kidogo! Hapo hapo!" Picha ilijaa chenga, lakini watu tuliwaona.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazima analogia, mikoa mingine ikafuata. Dijitali haina chenga: mawimbi yakipungua mno, picha inaganda, kisha giza.

Mwaka jana habari yangu ya kwanza ilirushwa kwenye runinga. Baba akaita majirani. Nikaanza kuongea, nikaganda mdomo wazi. Basi, ikaishia hapo. Hakuniambia, Mama ndiye aliyenisimulia.

Juzi nimekuja na king'amuzi kipya. Wapi! Nikaushusha mwanzi: kumbe kiungo cha waya kimeota kutu. Nikakata, nikachubua, nikafunga upya, nikausimamisha. Baba, ambaye macho yake siku hizi yamefifia, akauliza kutoka ndani:

"Wewe umo?"

"Simo, Baba. Ni taarifa ya habari tu."

"Haya. Acha hapo hapo."