Waya wa njano

Mara nyingi picha iko salama ndani ya mashine. Hilo ndilo ninalowaambia watu wanaoniletea mashine za zamani za gemu, zile za kaseti, hapa Nsambya, na wengi hawaniamini. Wanaona chengachenga kwenye televisheni, wanasikia sauti inakoroma, wanasema imekufa. Haijakufa, ni televisheni ndiyo imebadilika.

Karibu zote ni nakala za Famicom, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Kwetu Kivu tulizikuta sokoni bila hata kujua kwamba ni nakala. Ukifungua ya bei rahisi huoni chipu nyingi, unakuta tone kubwa jeusi la gundi limefunika kazi yote. Kaseti imeandikwa kwamba ina gemu elfu na zaidi. Ukikaa kuhesabu, ni chache tu zinazojirudia kwa majina mengine. Famicom ya kwanza haikuwa na tundu za AV, Nintendo waliziweka kwenye toleo la mwaka 1993. Kuna nakala zilizoiga hata upungufu huo, kwa hiyo picha inatoka kwa waya wa antena tu.

Ndani yake kuna kikopo cha bati, kidogo kuliko kiberiti. Hicho ni kama kituo cha televisheni. Kinapokea picha na sauti, kinazipakia juu ya wimbi la redio, halafu televisheni inazipakua upande wa pili. Katika kupakia na kupakua kuna vinavyomwagika njiani. Sisi tuliopita kwenye mahojiano na mkalimani tunajua habari hiyo: umesema mume wako alienda shamba hakurudi, karatasi inasema mume amesafiri. Mkalimani si mtu mbaya. Ila njia ni ndefu.

Televisheni ya chogo, kama Watanzania wanavyoiita, ilikuwa na uvumilivu. Ungeizungusha kidogo tu, ikashika. Hizi za flati zikikuta wimbi dhaifu, nyingi zinakufungia skrini ya bluu, basi.

Mama aliyeniletea hii ninayoisimulia alivuka Bunagana mwaka 2022, wakati M23 walipouchukua mji. Alipofika Nyakabande na kufungua mzigo, akakuta mwanawe wa tatu ameficha mashine katikati ya vitenge. "Ningejua, ningebeba sufuria ingine," aliniambia, na hakuwa anacheka. Ni ya kaka yao mkubwa. Aliinunua kwa pesa ya kubeba mizigo, na yeye hakuvuka nao. Sikuuliza zaidi. Kutoka Nakivale wakaja Kampala, na hapa mjini mtu anajitegemea, posho ya chakula iko kwenye makazi. Televisheni ya flati iliyotumika waliipata mwaka huu. Watoto wakachomeka mashine, wakaona bluu.

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi na shirika aliniuliza kwa nini tuhangaike, gemu hizo hizo ziko kwenye simu. Ni kweli ziko. Lakini simu ya mama ni moja, anatoka nayo asubuhi, na ndiyo namba ambayo huyo mkubwa anaijua. Hawezi kukubali izimwe chaji na gemu ya vifaru.

Kazi yenyewe si kubwa. Unaitafuta miguu ya kile kikopo: mmoja wa umeme wa volti 5, mmoja wa sauti, mmoja wa picha kabla haijapakiwa. Unaikamata picha hapo hapo. Usiivute moja kwa moja hadi kwenye televisheni, maana haina nguvu ya kutosha, itafika hafifu. Inapita kwanza kwenye transista moja ndogo, kisha rizista ya omu 75 na kapasita ya maikrofaradi 220, ndipo itoke kwa tundu la njano. Sauti ni moja, unaigawa kwa nyeupe na nyekundu. Vipuri vyote nilivitoa kwenye deki iliyokufa ya video.

Nilimwambia mama, "Naweka risasi kidogo hapa, dakika moja." Akarudisha kiti nyuma. Kiswahili chetu hakina huruma wakati mwingine, nikamwonyesha ule uzi wa kulehemu ili aone ni risasi ya aina gani.

Halafu nikamweleza jambo la kuchagua. Kikopo kikibaki kinafanya kazi, kinaacha mistari miembamba juu ya picha. Nikikikata, picha itakuwa safi zaidi. Mimi ningekikata, mafundi wengi wanakikata. Yeye akauliza, "Sasa tukirudi kwetu, papa, itashika ku ile televisheni ya zamani?"

Nikasema kama nimekikata, haitashika.

"Basi kiache."

Nikakiacha. Sikutoboa hata ganda. Tundu tatu nilizifunga kwenye waya mfupi, nikaupitisha pale pale panapopita waya wa umeme. Kwa shilingi 15,000, alizolipa mara mbili, mashine ina njia mbili za kutoka: ya njano kwa hapa, ya antena kwa huko.

Tulijaribu kwenye televisheni yangu kabla Yaka haijaisha. Mistari ipo, ukiitafuta. Huyo wa tatu hakuitafuta, alienda moja kwa moja kwenye gemu ya vifaru, ile ya kulinda ndege asipigwe, akamwachia mdogo wake pedi ya pili. Pedi hiyo ina kitufe kimoja kinachokwama. Wataileta Jumamosi.