Elimu ya Mwezi

Msomaji, elimu ya mwezi haina lango wala bawabu. Mwezi uangazao mabati ya Kibera ndio uangazao mabati ya Kawangware, nao hautozi karo kwa autazamaye. Waislamu wa mitaa hiyo huutazamia uandamapo, ili wajue siku ya kufunga na siku ya kufungua. Basi na mwanafunzi autazame, ili ajue umefanyika kwa kitu gani.

Usiku wa mbalamwezi utaona mabaka meusi usoni pake. Wanafalaki wa zamani wa Ulaya waliyaita bahari, lakini hayana hata tone la maji. Ni nyanda za lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto. Yalibubujika kutoka ndani, yakajaza mabonde yaliyochimbwa na vimondo, yakapoa yakawa jiwe jeusi liitwalo basalti. Sehemu kubwa ya mambo hayo ilitokea zaidi ya miaka bilioni 3 iliyopita. Twayajua kwa ushahidi, si kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 1969 na 1972, Wamarekani 12 walitembea mwezini, wakarudi na mawe na mchanga wa kilo 382.

Jiwe la moto si geni kwako. Barabara ya Ngong, ipitayo kati ya Kibera na Kawangware, yaelekea vilima ambavyo ni masalio ya volkeno ya kale. Jiwe la kijivu lijengalo nyumba nyingi za Nairobi lilifanyika kwa majivu ya volkeno. Lakini hapa kwetu mvua na hewa hulila jiwe, likawa udongo mwekundu ung'ang'aniao viatu wakati wa masika. Mwezini hakuna mvua wala upepo. Jiwe husagwa na vimondo, likawa vumbi. Dunia ni daftari lifutwalo kila masika. Mwezi ni daftari lililohifadhi maandishi ya kale.

Usikubali kuambiwa kwamba elimu hii ni ya watoto wa mitaa ya fahari. Harrison Schmitt, aliyefika mwezini mwaka 1972, alikuwa mtaalamu wa miamba. Kabla ya kuokota jiwe la mwezi, alikwisha kuokota mengi ya dunia, na kila moja aliliuliza lilikotoka. Nawe mawe unayo mlangoni pako. Liokote moja, uliulize.