Kulinda na Kumiliki

Wivu una sifa njema kupita stahili yake. Katika nchi nyingi husemwa kwamba mume asiyemwonea mkewe wivu hampendi, na usemi huo haukosi wasikilizaji hata Lumemo, karibu na Ifakara, ambako mto huteremka kutoka milima ya Udzungwa na kuingia katika bonde la Kilombero. Watu wa huko wanajua maana ya kulinda. Mpunga unapokaribia kuiva, jamaa huhamia mashambani, wakakaa juu ya dungu tangu alfajiri mpaka magharibi wakiamia ndege. Asiyelinda havuni. Ni rahisi, basi, kwa mume kuichukua desturi ya shamba akaiingiza nyumbani, na kusema kwamba naye analinda kilicho chake. Maneno hayo yana haja ya kupimwa, na mizani moja ya kuyapimia imo katika shairi la Kiingereza.

Shairi hilo, My Last Duchess, lilitungwa na Robert Browning, likachapishwa mwaka 1842, miaka mitano baada ya Malkia Victoria kurithi kiti cha Uingereza. Lina mistari 56 tu, na ndani yake husema mtu mmoja: mtawala wa Ferrara katika Italia ya zamani. Anamwonyesha mgeni wake picha ya marehemu mkewe iliyo ukutani. Mgeni ni mjumbe wa bwana mwingine, amekuja kwa shauri la posa, maana mtawala ataka kuoa tena. Picha hufunikwa kwa pazia, na hapana mkono uwezao kulifunua ila mkono wa mwenye nyumba.

Kosa la marehemu lilikuwa nini? Msomaji atafutaye habari ya uzinzi haipati. Mwanamke huyo alikuwa mwepesi wa kufurahi: alifurahia machweo ya jua, tawi la matunda aliloletewa, na baghala mweupe aliyempanda, sawasawa na alivyofurahia heshima aliyopewa na mumewe. Aliwashukuru watu wote kwa uso mmoja. Hilo ndilo lililomchoma mtawala. Hakuchelea kuporwa mke. Alichukia kuona kwamba jina lake, lenye umri wa miaka 900, halikuwekwa juu ya zawadi ya mnyonge. Wivu wake, basi, haukuwa mapenzi yaliyozidi kipimo. Ulikuwa kiburi kilichovaa nguo ya mapenzi.

Liko jambo zito zaidi. Mtawala anakiri kwamba hakupata kumwambia mkewe linalomchukiza, kwa kuwa aliona kusema ni kujishusha. Alitoa amri, tabasamu likakoma. Mtungaji haelezi amri hiyo ilikuwaje, na ukimya wake unatisha kuliko maelezo. Mke amenyamazishwa na kifo, mjumbe amenyamazishwa na cheo, na msomaji peke yake amebaki kuwa hakimu. Naye mshtakiwa hajui kuwa ameshtakiwa. Anajisifu, kisha anaendelea na mazungumzo ya mali atakayokuja nayo mke mpya.

Huaminiwa kwamba mfano wa mtawala huyo ni Alfonso wa Pili wa ukoo wa Este, ambaye mkewe Lucrezia de' Medici alifariki mwaka 1561, akiwa na umri wa miaka 16. Uvumi ulisema alipewa sumu. Wanahistoria wengi wa baadaye wameona kuwa aliuawa na kifua kikuu. Shairi si hati ya mahakama. Halitoshi kumhukumu Alfonso, lakini latosha kuihukumu tabia.

Katika enzi hiyo hiyo ya Browning, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Humo pia husikika sauti ya mtu mmoja, ila sauti hiyo ni ya mwanamke, mjane wa Bwana Mataka aliyekuwa mtawala wa Siyu. Anamwita mtoto akae karibu, anampa wasia wa dini, wa adabu na wa namna ya kumridhisha mume. Wahakiki wamebishana juu yake: baadhi wameona utii mtupu, na baadhi wameona hekima ya mwanamke ajuaye kuitawala nyumba bila kupaza sauti. Vyovyote iwavyo, wasia wa upande mmoja huacha mizani imeinama. Mke akifundishwa kuridhisha, mume naye hana budi kufundishwa kuridhika.

Mafunzo hayo yana haja hata pasipo na kasri. Mwanamke wa Lumemo hulima, hupalilia, huvuna na hupeleka mchele sokoni. Hawezi kuuza kwa uso uliokunjwa. Salamu na kicheko ni sehemu ya kazi yake, na zaidi ya kazi, ni sehemu ya utu wake. Mume mwenye tabia ya yule mtawala huanza kwa kuuliza ni nani aliyesalimiwa. Kisha huhesabu saa za safari, kisha hushika fedha za mauzo, kisha hukataza soko. Na mwisho, asipozuiwa, hupiga. Pazia laweza kutundikwa hata katika nyumba ya nyasi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, imetamka kwamba hapana mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga, hata kama mila yasema vingine. Lakini sheria hiyo aghalabu hufika baada ya pigo. Hatua zilizolitangulia pigo hazina askari.

Hapo ndipo kulinda na kumiliki huachana njia. Aketiye juu ya dungu huwapigia kelele ndege; haupigii kelele mpunga. Mume mwenye hofu ana njia moja ambayo mtawala wa Ferrara aliidharau, nayo ni kuketi na mkewe, kumwambia linalomuuma, na kungoja jibu. Kwa kufanya hivyo atajishusha kweli, maana atakuwa ameacha kiti cha mwenye mali na kukaa mahali pa mwenzi. Jibu laweza kuwa chungu; lakini litakuwa jibu la mtu aliye hai, na picha haijibu.