Marhamu ya Kompyuta

Prosesa ya kompyuta ikilazimishwa kwenda mbio kupita kiwango cha mtengenezaji wake, hutoa joto jingi mno. Juu yake huwekwa kipoozi cha shaba, na baina yao hupakwa marhamu. Wengi hudhani kuwa marhamu hupitisha joto kuliko madini. Sivyo; shaba huishinda marhamu ya kawaida zaidi ya mara 20. Kazi yake ni kufukuza hewa iliyojificha katika mikwaruzo isiyoonekana, maana hewa ni mchukuzi mvivu wa joto. Ikipakwa nene, yenyewe hugeuka kizuizi.

Fundi mmoja aliniazima marhamu mbili, ya ghali na ya rahisi, nichague ya kununua. Fedha zangu zilikuwa chache, wala maandishi ya kifurushi hayakunitosha. Nilipima kila moja mara tatu, chumba na kazi vikiwa vile vile, nikifuta kwa spiriti na kupaka upya. Apimaye mara moja hupima mkono wake tu! Ile ya ghali ilipishana na nafsi yake nyuzi 3, na ilimshinda mwenzake kwa nyuzi 2. Nilinunua ya rahisi, nikapunguza kidogo mwendo wa prosesa. Ikapoa kuliko ilivyopozwa na marhamu zote mbili.