Mgongo Wangu, Cherehani na Kiti cha Kuswalia

Nawaandikia kutoka Geita, ninakoshona magauni ya mabibi harusi. Miaka miwili mgongo uliniuma, kisha mabega, kisha nyonga. Nalala, naamka nimechoka. Eksirei safi, damu safi. Mama mkwe akasema ni uvivu, nami nikaanza kuamini.

Nilipofika Mwanza, daktari aliniambia ni faibromialjia: ubongo na mishipa ya fahamu hukuza maumivu, ndiyo maana picha haioni kitu. Hauharibu mifupa, lakini ni ugonjwa wa kweli. Akanipa dawa ya usiku, akaniagiza nitembee kila siku, hata dakika 10.

Kilichonishinda ni kiti. Niliona haya kuswali nimekaa na umri huu. Nikamkumbuka Imran bin Huswayn, sahaba aliyeugua bawasiri: Mtume (s.a.w.) alimruhusu aswali amekaa, na akishindwa, kwa ubavu. Siku niliyokubali kiti cha swala, nilikubali pia kuinuka cherehani kila nusu saa, na kupokea gauni 1 kwa wiki badala ya 3.

Bibi harusi mwenye maumivu haya, mwambie mchumba wako kabla ya nikaha. Si aibu, ni amana.